Udongo Umeisha na Tuta Halijajaa: Tutafute Kosa Lilipo

Mwanza mawe yako mlangoni, udongo unakuja kwa gari. Aliyejenga Mabatini, Igogo au Isamilo anajua hilo. Unachimba futi moja, jembe linagonga mwamba. Kwa hiyo ukitaka mchicha, mgagani na nyanya za nyumbani, unapanga mawe kuwa kingo, unaagiza udongo, unajaza. Na hapo kwenye kuagiza ndipo watu wanapoumia. Mmoja analipia tripu ya pili ambayo hakuipanga, mwingine anabaki na kichuguu getini ambacho hana pa kukipeleka.

Nimeshaitwa na majirani na ndugu mara nyingi kuangalia matuta ya namna hii, na karibu kila mara nimekuta kuzidisha kwenyewe kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye kilichopimwa. Mtu amepima kuta badala ya nafasi iliyo ndani yake, au amepima bodi ya gari badala ya udongo uliomo. Au amepima udongo wa siku ya kumwaga, wakati mmea utaishi kwenye udongo uliokwisha kunyeshewa.

Hesabu ni urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita. Jibu ni mita za ujazo, ambazo madereva wengi wanaziita kyubiki. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20 yaliyosawazishwa mdomoni. Napenda kugeuza kila jibu kuwa madebe, kwa sababu debe unaliona kwa macho na unalishika kwa mikono. Tuta la mita 2.5 kwa 1, kina sentimita 30, ni 2.5 × 1 × 0.3, sawa na 0.75. Hayo ni madebe 37 na nusu. Ukipata madebe 375 au madebe manne, nukta imehama. Rudi uangalie kama sentimita 30 umeiandika 0.3 au umeiandika 3 au 0.03.

Toroli usilikadirie kwa macho. Chukua ndoo, lijaze hadi usawa wa kingo, uhesabu. Mengi ya mtaani yanabeba madebe matatu na kitu, lakini lililobonyea au lenye kingo zilizopinda linabeba pungufu. Viroba ni hivyohivyo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unaingiza lita kama 35 tu, wakati kiroba cha mahindi cha kilo 50 kinaingiza karibu mara mbili ya hiyo, na muuzaji anaweza kuviita vyote "mfuko".

Dalili: udongo umeisha, tuta limejaa nusu

Kama tuta liko kwenye mteremko, anza kushuku kina kabla ya kumshuku dereva.

Mama yangu mdogo anaishi Mabatini, nyumba iko juu kabisa penye mawe. Alijengewa tuta zuri, ndani mita 4 kwa mita 1, juu limepigwa levo safi. Aliagiza mita moja ya ujazo. Nilipofika jioni nikamkuta ameketi kwenye ukingo, koleo limelazwa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu kijana wa gari amenidhulumu. Angalia mwenyewe, huku kumejaa, kule ni shimo."

Nikaomba ufito mnyoofu na tepu. Upande wa juu wa mteremko, karibu na jikoni, kina kilikuwa sentimita 25, na hapo ndipo fundi alipopimia. Nikasogea kila baada ya mita moja kuelekea chini, nikichomeka ufito kwenye udongo mpaka ugonge mwamba: 38, 50, 58, na mwisho kabisa 64. Jumla ya vipimo vitano ni 235, gawa kwa tano, wastani ni sentimita 47. Sasa 4 × 1 × 0.47 ni 1.88. Nafasi ilikuwa inadai karibu mita mbili za ujazo na yeye alinunua moja. Kijana wa gari hakuwa na kosa, na mama mdogo alimpigia simu kesho yake kumwambia hivyo.

Kwa hiyo kwenye mteremko pima kina sehemu tano au zaidi, kwa umbali unaolingana, ndipo utafute wastani. Ukipima mwanzo na mwisho tu utakosea kama katikati kuna bonde au mgongo, na kwenye vilima vyetu sakafu ya tuta haijawahi kuwa nyoofu.

Mawe yaliyochomoza ndani ya tuta yanafanya kinyume: yanakula nafasi. Pima jiwe kama vile ni boksi, urefu, upana na kimo chake, kisha chukua theluthi mbili ya jibu, kwa kuwa jiwe limeviringika na halina pembe. Kwenye tuta la mama mdogo lilikuwepo moja la sentimita 60 kwa 50 kwa 30. Boksi lake ni lita 90, theluthi mbili ni lita 60, hayo ni madebe matatu ya kupunguza. Kwa jiwe moja si kitu. Kwa tuta lililojengwa juu ya mawe sita ni toroli nzima za udongo.

Kama tuta liko tambarare na bado limepungua, hapo sasa tuangalie gari.

Dalili: umelipia mbili na nusu, rundo linaonekana dogo

Hili limenipata mwenyewe nikiwa Nyakato. Nililipia mita mbili na nusu za ujazo, udongo ukamwagwa, na macho yakaniambia kuna kitu hakiko sawa. Macho peke yake hayatoshi kumdai mtu fedha, kwa hiyo nikalipima rundo.

Rundo lililomwagwa na kuachwa lina umbo la pia, duara chini na ncha juu. Pima upana wa chini kutoka ukingo hadi ukingo, gawa kwa mbili upate nusu kipenyo. Simamisha ufito kando ya rundo, lalisha ubao kutoka kileleni, upate kimo. Kisha: 3.14 × nusu kipenyo × nusu kipenyo × kimo, gawa kwa 3. Langu lilikuwa na upana wa mita 2.8 na kimo cha sentimita 80. Yaani 3.14 × 1.4 × 1.4 × 0.8, gawa kwa tatu: 1.64. Hata ukisema tepu ilipinda na rundo halikuwa la duara kamili, mbili na nusu haipatikani hapo. Tulizungumza na muuzaji, akaleta nyongeza. Asingeileta kama ningemwambia tu "naona kidogo".

Sababu zinazozaa upungufu wa aina hii ni chache.

Ya kwanza, bodi ya gari inahesabiwa kana kwamba imejaa hadi mdomoni, kumbe udongo umeinuka katikati na pembeni uko chini. Kabla mlango wa nyuma haujafunguliwa, panda, chomeka nondo pembe nne na katikati, tafuta wastani wa kina, kisha zidisha kwa urefu na upana wa bodi kwa ndani. Ni kazi ya dakika tano. Muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Ya pili ni uzito. Udongo mkavu uliolegea unakwenda kwenye tani 1.2 hadi 1.3 kwa kila mita ya ujazo. Ukishalowa unafika tani 1.5 na kuzidi. Kirikuu ni gari la mzigo wa chini ya tani moja. Ukiambiwa kirikuu kimoja kimebeba kyubiki nzima ya udongo uliolowa, ama si kyubiki, ama springi zimekwisha. Wakati wa mvua panga tripu mbili tangu mwanzo.

Ya tatu wengi hawaijui, na inahusu mchanga na luseni, ule udongo wa kichanga wa miinuko ya Usukumani. Mchanga wenye unyevunyevu kidogo hauketi vizuri. Chembe zinashikana kwa maji na kuacha nafasi katikati, kwa hiyo ujazo unaongezeka, mchanga mwembamba hata kwa robo. Ukikauka, au ukilowa chapachapa, unaporomoka na kurudi ujazo wake. Luseni iliyopakiwa asubuhi baada ya manyunyu ya usiku inajaza bodi ikiwa na mchanga pungufu, na hapo hakuna aliyekudanganya. Agiza baada ya siku kadhaa za jua, au ongeza kiasi.

Ya nne ni debe la kilima. Unaonyeshwa debe la kwanza limejazwa hadi limeota kichwa, yanayofuata yanakuja yamefutwa. Kubalianeni mapema kuwa yote yatasawazishwa kwa kipande cha ubao.

Dalili: lilijaa vizuri, baada ya mvua mbili limeshuka

Hapa huna wa kumlaumu, maana udongo uliomwagwa kwa koleo umejaa hewa. Maji yakipita, chembe zinajipanga na usawa unashuka. Suala ni kujua utashuka kiasi gani, na hilo unalijua kabla ya kununua.

Omba ndoo moja ya udongo uleule utakaouziwa. Umimine kwenye ndoo yenye matundu chini bila kuushindilia, usawazishe mdomoni. Mwagilia polepole mpaka maji yatoke chini, acha ulale. Asubuhi mwagilia tena, subiri hadi jioni, pima umeshuka kiasi gani. Tuseme kina cha ndoo ni sentimita 30 na udongo umeshuka 6. Hiyo ni sehemu moja ya tano. Zimebaki nne za tano, yaani 0.8.

Tafadhali shika hatua inayofuata, maana hata watu wazuri wa hesabu huteleza hapa. Unataka tuta litulie kwenye sentimita 40. Usiongeze asilimia 20 juu ya 40, ukapata 48. Gawa 40 kwa 0.8, upate 50. Asilimia 20 inapotea kwenye udongo uliomwagwa, ambao ndio mwingi zaidi. Kwenye tuta la mita 4 kwa 1, tofauti ya hizo sentimita mbili ni madebe manne.

Usijaribu kukwepa kwa kukanyaga udongo ili ushuke siku hiyohiyo. Utashuka kweli, lakini mizizi ya karoti na nyanya itakutana na sakafu, na maji yatatuama juu.

Mchanganyiko una kupungua kwake kwingine. Udongo, samadi na makapi ya mpunga havijumlishwi kama shilingi, kwa sababu chembe ndogo zinaingia kwenye nafasi za chembe kubwa. Nilipochanganya ndoo mbili za luseni, moja ya samadi iliyokauka na moja ya makapi, nilipata ndoo tatu na nusu. Fanya jaribio hilo kwa vitu vyako, kwani samadi ya zizi moja si ya zizi jingine, ndipo uzidishe.

Na kuna kupungua kwa kuoza, ambako ndoo ya siku mbili haikuonyeshi. Tuta lenye kina cha nusu mita na zaidi si lazima lijazwe udongo mtupu. Chini wengi wanaweka matawi, mabua ya mahindi na majani, na ni sawa kabisa, fedha inaokolewa. Ila mabua yanaoza na tuta linashuka msimu hadi msimu. Magugu maji ndiyo yanayodanganya kuliko vyote. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za gugu maji ni maji. Rundo linalofika kiunoni leo, likikauka vizuri litakufika kwenye kifundo cha mguu. Yaanike mbali na maji mpaka yavunjike mkononi, ndipo uyahesabu kama kijazio, na usiyahesabu yakiwa mabichi.

Walioko Luchelele, Igombe au Kayenze huwa wananiuliza kwa nini wasichote tu udongo mweusi wa ufukweni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata bila sheria, ukingo uliochimbwa ndio unaoliwa na mawimbi. Acheni udongo huo pale ulipo.

Dalili: unashuka upande mmoja tu, kila mvua

Huo haujatulia, unatoroka. Zunguka nje ya ukuta siku ya mvua utaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakitoka katikati ya mawe. Usinunue udongo kabla hujaziba. Toa udongo wa ukingoni kwa upana wa kiganja, jaza mianya kwa kokoto, tandika viroba vya zamani kwa ndani, rudisha udongo. Viroba vya kufuma vinapitisha maji na kuzuia udongo. Karatasi la nailoni lisilo na matundu litakutengenezea bwawa.

Dalili: udongo umejitenga na ukuta, ufa unaingiza kidole

Umeuziwa udongo wa mbuga, ule mweusi mzito wa mabondeni. Una rutuba na unapendeza kwa macho, lakini unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kuanzia Juni hadi Septemba utaona nyufa katikati na mwanya kando ya kingo. Ujazo haujaondoka popote, umejikunja tu.

Wengi wananunua madebe mengine wakajaza nyufa hizo. Msifanye hivyo. Vuli ikifika udongo unavimba tena, safari hii hauna pa kwenda, unausukuma ukuta. Nimeona kingo za mawe makavu, yasiyo na saruji, zimetoka tumbo kwa sababu hiyo. Dawa ni kuugeuza tuta zima ukiwa na unyevu wa kiasi, uchanganye na luseni na samadi nyingi.

Pia mbuga ikinunuliwa kiangazi inakuja kwa mabonge ya ukubwa wa kichwa, na katikati ya mabonge ni hewa. Yakipondwa, kilichojaza gari kinakuwa kidogo sana. Kama lazima ununue mbuga kavu, chukua ndoo moja ya mabonge, yaponde, uone yanabaki kiasi gani.

Dalili: tuta limejaa, rundo bado liko nje

Hapa kosa la kwanza la kutafuta ni unene wa kuta. Ukingo wa mbao ni mwembamba, haudhuru sana. Ukingo wa mawe unaweza kuwa sentimita 25 kila upande. Tuta la mita 3 kwa 1.5 kwa nje, ukiondoa 25 pande zote, ndani ni mita 2.5 kwa 1. Kwa kina cha sentimita 40, kipimo cha nje kinakuambia ununue 1.8, cha ndani kinakuambia 1. Umelipia madebe 40 ya udongo ambao nafasi yake ina mawe.

La pili ni futi kuchanganyika na mita. Fundi seremala anasema futi nane kwa nne, kina futi moja. Mwenye nyumba anageuza mbili za kwanza kuwa mita 2.4 na 1.2, ile moja anaiacha moja. Anapata 2.88 badala ya 0.9 hivi. Futi moja ni sentimita 30 na nusu, basi geuza zote tatu au usigeuze hata moja.

La tatu ni la matuta ya duara: kutumia upana mzima badala ya nusu yake. Kosa hilo linakupa udongo mara nne.

Na kama ulichimba udongo kwenye kiwanja chako mwenyewe, kumbuka shimo la mita moja ya ujazo linatoa udongo uliolegea wa mita 1.2 au zaidi, kwa hiyo ziada hiyo ni ya kawaida.

Ziada isilale barabarani. Mvua moja kubwa inaubeba hadi mtaroni, mtaro unaumwaga Mto Mirongo, na Mirongo unaupeleka ziwani. Ufunike kwa turubai, uzungushie mawe, uuweke uwe wa kuongezea. Utahitajika.

Mama mdogo sasa ana alama tatu za mkaa kwenye ukuta wa ndani wa tuta lake. Ya juu tuliichora siku tulipomaliza kujaza, mwanzoni mwa Novemba. Ya pili aliichora Januari, baada ya vuli. Ya tatu ni ya mwisho wa Februari, na iko sentimita tatu tu chini ya ile ya pili. Nne mara moja mara 0.03, ni madebe sita. Alinunua samadi madebe sita, akaitandaza kabla masika haijaanza, na tuta likarudi kwenye alama ya Januari.